Kununua kadi adimu za besiboli zenye saini bila kulizwa: mwongozo kamili

Makosa yanayojirudia ni yale yale. Mtu anaona kadi ya Mickey Mantle, nyota wa zamani wa besiboli, yenye saini, bei haifiki hata nusu ya bei ya soko, pembeni kuna cheti chenye hologramu inayong'aa. Anatuma pesa. Kadi inafika, anaipeleka kwa wakaguzi, nao wanaikataa saini. Akirudi kwa muuzaji, akaunti imeshafungwa.

Kinachowaponza wengi ni kuchanganya maswali matatu. Kadi yenyewe ni halali? Saini iliyo juu yake iliandikwa na mchezaji mwenyewe? Na kadi ya namna hiyo ni adimu kweli? Kadi halali kabisa inaweza kubeba saini ya kughushi, na saini halali inaweza kuwa juu ya kadi iliyochapwa kwa maelfu. Jibu la swali moja halijibu mengine mawili, na hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili usiyachanganye.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kutafuta kadi

- Lenzi ya kukuza mara 10, kama ile ya masonara.
- Tochi ya mwanga wa urujuanimno, nanomita 365.
- Rula yenye milimita.
- Mifuko laini ya plastiki ya kadi, pamoja na vishikio vigumu ambavyo wakusanyaji huviita toploda. Chukua za unene wa pointi 35 kwa kadi za kawaida na za pointi 130 kwa kadi zenye kipande cha jezi. Pointi moja ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Kadi nene ukiisukumiza kwenye toploda nyembamba, kona zinakufa papo hapo.
- Vishikio vyepesi vya Card Saver 1, kama utatuma kadi kwa wakaguzi.
- Tepu ya mafundi rangi, ile ya bluu, kwa sababu inabanduka bila kuacha gundi.
- Kipima unyevu na vifuko vya silika.
- Jedwali la kompyuta au daftari la kuandika kila ununuzi: tarehe, bei, muuzaji, namba ya cheti.

Raba bendi isikaribie kadi. Albamu za plastiki ya PVC nazo ziache dukani: baada ya muda hutoa kemikali inayonata na kuharibu wino.

## Hatua ya 1: Jua ni saini ya aina gani

Kuna aina nne, na kila moja ina hatari zake.

Saini ya kiwandani juu ya kadi. Mchezaji alitia saini kwenye kadi yenyewe, kampuni ikaipakia kwenye pakiti. Nyuma ya kadi za Topps na Bowman, chapa kubwa za kadi, kuna maneno ya kampuni yanayothibitisha saini hiyo. Anayeanza aanzie hapa.

Saini ya stika. Mchezaji alisaini karatasi ya stika zenye uwazi, kisha kiwanda kikazibandika. Ni halali, ila wengi wanazipenda kidogo na bei yake huwa chini. Angalia kama herufi imekatika ukingoni mwa stika. Hilo linashusha bei zaidi.

Saini ya kukatwa. Imetolewa kwenye hundi, barua au daftari, ikapachikwa ndani ya kadi. Kwa wachezaji waliofariki zamani, kama Babe Ruth, kampuni hazina njia nyingine.

Saini ya mitaani. Shabiki alimpa mchezaji kadi uwanjani, hotelini au kwa posta. Hapa hakuna kampuni iliyosimama shahidi, na hapa ndipo watu wengi huingizwa mjini.

Tarehe moja itakusaidia sana. Saini zilianza kuwekwa ndani ya pakiti mwaka 1990, pale kampuni ya kadi ya Upper Deck ilipotia kadi 2,500 zilizosainiwa na Reggie Jackson. Kwa hiyo mtu akikuambia kadi yake ya 1975 "ilitoka kwenye pakiti ikiwa na saini", ama hajui anachouza ama anakudanganya. Isipokuwa kampuni iliinunua upya kadi hiyo ya zamani, ikampa mchezaji asaini, kisha ikaigonga muhuri. Kadi hizo zipo, na muhuri unaonekana.

Onyo: jihadhari na kadi za kubadilisha, zile zenye namba ya siri ya kumdai kiwanda kadi ambayo bado haijasainiwa. Zina tarehe ya mwisho, mchezaji anaweza asisaini kamwe, na namba ikishakwanguliwa huna hakika kama haijatumika.

*Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja:* "Natafuta saini ya kiwandani, juu ya kadi, ya mchezaji fulani, toleo fulani la mwaka fulani."

## Hatua ya 2: Pima uadimu kwa orodha ya toleo

Muuzaji yeyote anaweza kuandika "adimu sana" kwenye tangazo. Wewe tafuta orodha rasmi ya toleo hilo, uone ni ngapi zilichapwa.

Chukua Bowman Chrome za miaka ya karibuni. Kadi ya kawaida yenye saini haina namba. Juu yake kuna ngazi za rangi, kila moja na idadi ya nakala zake: refrakta (yenye uso wa kuakisi mwanga) 499, zambarau 250, bluu 150, kijani 99, dhahabu 50, chungwa 25, nyekundu 5, na ngazi ya juu kabisa, Superfractor, 1. Namba hugongwa kwa foili, mfano 07/25. Ikiwa tangazo linasema ni ya chungwa na namba inasomeka 07/50, kuna jambo haliko sawa. Rangi na namba lazima zikubaliane na orodha.

Usibabaishwe na "1/1". Mchezaji mmoja katika toleo moja anaweza kuwa na Superfractor yake na bado ukakuta bamba nne za kuchapia, moja kwa kila rangi ya wino, zote zimeandikwa 1/1. Bamba hazishindani na Superfractor hata kidogo. Superfractor ya Mike Trout yenye saini, ya Bowman Chrome Draft 2009, iliuzwa mwaka 2020 kwa dola milioni 3.9 hivi, bamba ya 1/1 ya mchezaji asiyejulikana unaweza kuipata kwa bei ya chakula cha mchana.

Kwa kadi za zamani hakuna namba, na uadimu hutokana na maisha ya mchezaji. Roberto Clemente alifariki tarehe 31 Desemba 1972 na Thurman Munson tarehe 2 Agosti 1979, wote wakiwa bado wanacheza, ndiyo maana saini zao ni ghali. Bob Feller aliishi hadi 2010 na alisaini bila kuchoka, kwa hiyo saini yake ni rahisi ingawa jina lake ni kubwa. Umaarufu na uadimu havitembei pamoja siku zote.

Mwenye bajeti ndogo achague mada badala ya kufukuza majina yanayofukuzwa na kila mtu. Msomaji wa Afrika anaweza kuanza na Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mtu wa kwanza aliyezaliwa barani Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, tarehe 26 Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates.

## Hatua ya 3: Tafuta bei iliyolipwa

Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji. Kwenye eBay chuja zilizouzwa tu. Pale palipo na makubaliano ya bei, eBay yenyewe huficha kiasi halisi. Tovuti ya 130point hukionyesha.

Kusanya mauzo matano ya karibuni ya kadi ile ile: toleo lile lile, rangi ile ile, daraja lile lile (alama ya hali ya kadi inayotolewa na wakaguzi). Tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, kisha chukua wastani wa tatu zilizobaki. Kama mauzo hayafiki matano, linganisha na ngazi ya juu na ya chini ya rangi, na uwe mgumu zaidi wa mkono.

Kwenye minada ya Heritage au Goldin, kumbuka ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi ni asilimia 20 au zaidi. Ukishinda kwa dola 400 na ada ni asilimia 20, unalipa 480 kabla ya usafirishaji. Watu husahau hesabu hii wakati mnada umepamba moto.

Bei ikiwa chini ya wastani kwa asilimia 40 au zaidi, usifurahi. Jiulize kwa nini wafanyabiashara wanaokesha kwenye tovuti hizo wameiacha.

## Hatua ya 4: Dai picha zako

Picha za tangazo zinaweza kuwa za kadi ya mtu mwingine. Omba nne: mbele, nyuma, saini kwa karibu huku kadi imeinamishwa kwenye mwanga, na ya mwisho ikiwa na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni ya kadi. Mwenye kadi mkononi anazipiga kwa dakika tano. Asiyekuwa nayo ataanza hadithi za safari na ugonjwa, na hapo unaondoka. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

## Hatua ya 5: Ikague saini yenyewe

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote. Anza na mambo yasiyohitaji jicho la bingwa.

Kalenda. Mchezaji alikuwa hai kadi ilipotoka? Topps walichapisha kadi ya Clemente kwenye seti ya 1973, naye alikuwa ameshafariki. Kadi hiyo haina saini halali hata moja duniani, lakini ghushi hazikosekani.

Kalamu. Kalamu ya biro iliingia soko la Marekani Oktoba 1945. Lou Gehrig alifariki Juni 1941. Sharpie, kalamu ya wino usiofutika, ilitoka 1964. Ruth alikuwa kaburini tangu 1948. Saini ya Gehrig kwa biro, au ya Ruth kwa Sharpie, haihitaji mkaguzi.

Karatasi. Washa tochi ya urujuanimno kwenye chumba chenye giza. Karatasi nyingi za kisasa zina kemikali ya kung'arisha na huwaka samawati kali. Kadi inayodaiwa kuwa ya kampuni ya Goudey ya 1933 ikiwaka hivyo, ni ya kuchapwa juzi. Kisha pima: Topps za 1952 hadi 1956 ni milimita 66.7 kwa 95.3, kuanzia 1957 ni 63.5 kwa 88.9. Kadi fupi imekatwa ukingo au ni nakala.

Saini ya kuchapishwa. Topps za 1952, 1971, 1975, 1980 na 1982, miongoni mwa nyingine, zina saini iliyochapwa kiwandani kama sehemu ya picha. Wanaoanza huziuza na kuzinunua kama saini halisi, na pengine kwa nia njema kabisa. Dawa yake ni rahisi: tafuta picha ya kadi nyingine ya namba hiyo hiyo. Saini ikikaa mahali pale pale kwa umbo lile lile, imechapwa. Kisha inamisha kadi kwenye mwanga. Wino wa kalamu hukaa juu ya kadi na kung'aa tofauti na eneo linaloizunguka.

Sasa ndipo uchukue lenzi. Mtu anayeandika jina lake haraka huanza na kumaliza mstari huku kalamu ikiwa mwendoni, kwa hiyo ncha za mistari huwa nyembamba. Mghushi huchora. Utaona ncha butu, vidimbwi vya wino pale kalamu ilipotua na kusita, mtetemo mdogo kwenye mikunjo, na mahali mstari ulipoinuliwa katikati ya herufi kisha ukaungwa. Mashine ya kusaini nayo ina dalili zake: mgandamizo ni uleule mwanzo hadi mwisho, kuna nukta kila mwanzo na mwisho wa mstari, na saini mbili zikilazwa moja juu ya nyingine zinalingana kabisa. Mkono wa binadamu hauwezi hilo.

Linganisha na mifano isiyopungua kumi ya kipindi kile kile. Mantle wa miaka ya 1950 hakusaini kama Mantle wa miaka ya 1980, aliyekuwa na M kubwa za madaha. Saini ya mtindo wa uzeeni juu ya kadi ya ujanani si kosa, kwa sababu mashabiki walimpelekea kadi za zamani hadi mwisho wa maisha yake. Kinyume chake ndicho kibaya: mtindo wa ujanani kwa kalamu ya uzeeni.

*Umefanikiwa ukiweza kutaja sababu tatu zinazoonekana kwa macho za kuikubali saini.* "Inapendeza" haimo.

## Hatua ya 6: Hakiki cheti, kisha kilinganishe na kadi

Kwenye operesheni ya FBI ya miaka ya 1990 huko California, iliyoitwa Operation Bullpen, walikamatwa wahalifu waliouza kumbukumbu za michezo za kughushi pamoja na vyeti vyake. Walifikia hatua ya kuuza mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Karatasi yenye hologramu haithibitishi chochote hadi ujue ni nani aliyeitoa.

Kampuni za ukaguzi zinazokubalika sokoni ni PSA/DNA, JSA na Beckett. Cheti kilichotolewa na muuzaji mwenyewe, au na kampuni ambayo hujawahi kuisikia, kihesabu kama sifuri.

Kisha soma lebo ya kasha gumu lililofungwa, maarufu kama slabu, neno kwa neno:

1. Daraja la kadi, mfano 9, ni hali ya kadi: kona, kingo, uso na uwiano wa picha.
2. Daraja la saini, mfano 10, ni uzuri wa wino: haujakwaruzwa, haujafifia. Kwenye slabu za Beckett za kadi za pakiti, wakaguzi hutegemea dhamana ya kampuni iliyotoa kadi.
3. Neno la kuthibitisha saini. Kwa saini ya mitaani, hili ndilo unalolipia. Kama lebo haitamki kwamba saini imekaguliwa na kukubaliwa, usilidhanie.

Maoni ya haraka yanayotolewa kwa kutazama picha mtandaoni si cheti, hata yakitoka kwa kampuni kubwa.

Ingiza namba ya cheti kwenye tovuti ya kampuni. Usiishie kuona kwamba namba ipo. Wahalifu hunakili namba ya kadi halali na kuibandika kwenye slabu bandia, kwa hiyo namba itakubali tu. Kama kuna picha iliyohifadhiwa, linganisha mahali saini ilipokaa, namba ya foili, na kasoro ndogo za kona. Picha isipokuwepo, tafuta mauzo ya zamani ya namba hiyo mtandaoni.

## Hatua ya 7: Lipa kwa njia inayorudisha pesa

Tumia kadi ya benki kupitia tovuti ya mauzo, au PayPal kwa malipo ya bidhaa, ambapo una siku 180 za kufungua lalamiko. Muuzaji anayekuomba utume kama kwa ndugu na marafiki "ili tuokoe ada" anakuvua kinga yote. Ada ni karibu asilimia 3. Ilipe wewe ikibidi.

Wanaonunua kutoka Dar es Salaam, Nairobi au Muscat kupitia wakala mwenye anwani Marekani wawe macho: dhamana ya eBay haifuatilii mzigo ukishapelekwa kwingine kutoka anwani ya kwanza. Mwombe wakala afungue na kupiga picha za kadi kabla hajaisafirisha, na ukate bima kwa thamani kamili.

## Hatua ya 8: Pokea mzigo kwa kamera

Rekodi video moja isiyokatwa, kuanzia lebo ya posta hadi kadi iko mezani. Rudia hatua ya 5 na ya 6 siku hiyo hiyo, ukiwa na kadi mkononi. Slabu igeuze ukiangalia mshono wa kingo: nyufa nyeupe, gundi au ukungu kwenye mshono ni dalili kwamba ilifunguliwa na kufungwa tena.

Shaka yoyote, fungua lalamiko kwanza, mazungumzo yafuate. Muuzaji anayekuomba "subiri wiki mbili" anahesabu siku zako.

## Hatua ya 9: Kutuma saini ya mitaani ikaguliwe

Fanya hesabu kabla. Ada ya ukaguzi hutegemea jina la mchezaji na thamani, na usafirishaji wa bima unaongezeka kwenda na kurudi. Kadi ya dola 30 haistahili safari hiyo.

Piga picha pande zote mbili. Kadi iingie kwenye mfuko laini, kisha Card Saver 1, kisha kati ya vipande viwili vya kadibodi vilivyofungwa kwa tepu ya bluu. Tumia boksi; bahasha hukunjwa na mashine. Usiifute wala kuisafisha kadi kwa namna yoyote: wino unaotoka haurudi.

## Hatua ya 10: Hifadhi

Saini mbichi iache wazi saa 24 kabla ya mfuko, hasa kwenye kadi za kung'aa, la sivyo wino utahamia kwenye plastiki.

Baada ya hapo adui ni mwanga. Sharpie nyeusi ikikaa karibu na dirisha hufifia na kugeuka zambarau au kahawia. Kishikio chenye kinga ya urujuanimno kinachelewesha tu. Kadi ya thamani ikae gizani, na ukutani utundike nakala ya picha.

Lenga joto la nyuzi 18 hadi 21 na unyevu wa asilimia 45 hadi 50. Kwa wa pwani, kufikia hapo bila kiyoyozi ni kazi. Tumia boksi la plastiki lenye mpira wa kuzuia hewa, silika ndani, na kipima unyevu unachokisoma bila kufungua. Silika ibadilishwe kipimo kikivuka 55. Boksi lisikae sakafuni wala juu ya friji.

Mwishoni piga picha ya kila kadi na namba yake ya cheti, weka nakala nje ya nyumba, na uiulize kampuni yako ya bima ukomo wake kwa vitu vya kukusanya. Bima nyingi za nyumba zina ukomo mdogo kwa vitu hivi, na ni vyema uusikie kabla ya mvua kuingia darini.